Matunda ya Karatasi

Mche wa tufaha wa miaka miwili hauna cha kujitetea. Ni kijiti tu kinachomfika mtu mzima kifuani, na majira ya baridi, majani yakishapukutika, mkulima wa kawaida hawezi kujua upi ni wa aina ya Baldwin na upi ni wa Northern Spy. Hata hivyo, vijiti vya namna hiyo viliuzwa kwa mamilioni katika Marekani ya karne ya 19, tena kwa watu waliokaa mwendo wa siku nyingi kutoka kitaluni, wasiomjua mwenye kitalu wala kutarajia kumwona. Aliyewapelekea biashara hiyo mlangoni hakubeba mche hata mmoja. Alibeba kitabu.

Kilikuwa kitabu kidogo, kimejalidiwa kwa ngozi, mara nyingi kikiwa na kifuniko cha kukunja ili vumbi na mvua za njiani visiingie ndani. Kila karatasi, yenye ukubwa wa sentimita 14 kwa 22 hivi, ilichorwa upande mmoja tu: pea la Bartlett la manjano lenye wekundu kidogo shavuni, kichala cha zabibu za Concord chenye ule ungaunga wa buluu juu ya ganda, pichi lililopasuliwa nusu hadi kokwa likaonekana. Chini ya picha kulikuwa na jina, na mistari michache ya sifa: linaiva mwezi gani, linavumilia baridi kiasi gani, linakaa ghalani muda gani. Baada ya matunda yalifuata mawaridi, maua ya kupamba ua, na miti ya kivuli. Katika karatasi zote hizo hapakuwa na funza, wala doa la ukungu, wala tunda lililogongwa na mvua ya mawe.

Msomaji wa Afrika Mashariki ameshawahi kuona jamaa wa kitabu hiki. Ni ule ubao wa kinyozi wenye vichwa vilivyochorwa kwa rangi, mteja ananyoosha kidole na kusema anataka mtindo ule. Tofauti ni muda. Kwa kinyozi, baada ya nusu saa utajua kama umepata ulichoonyesha. Aliyenunua tufaha kwa picha alingoja miaka mitano, saba, pengine kumi, kabla ya kuonja tunda la kwanza, na siku hiyo ikifika mchuuzi alikuwa ameshahamia jimbo la tatu. Katika miaka yote hiyo ya kungoja, picha ndiyo iliyokuwa tunda.

Kwa nini basi mkulima asipande mbegu akaachana na wachuuzi? Kwa sababu tufaha halimrithi mzazi wake. Mbegu kumi za tunda moja huota miti kumi tofauti, na mingi kati yake huzaa matunda makali yasiyolika, yanayofaa kukamuliwa na kuchachushwa pombe. John Chapman, yule aliyeingia katika hadithi za Marekani kwa jina la Johnny Appleseed, aliotesha vitalu vyake vyote kwa mbegu na kupinga kabisa ubebeshaji, na kwa wakati wake hilo lilitosha, maana walowezi wa mwanzo wa Ohio walihitaji miti ya kuthibitisha kwamba wamekalia ardhi, na pombe ya kunywa. Chapman alifariki mwaka 1845. Kizazi kilichofuata kilitaka tunda lenye jina, linalouzika mjini, na tunda lenye jina hupatikana kwa njia moja tu: kukata kikonyo cha mti unaojulikana na kukibebesha juu ya mzizi wa mti mwingine. Hiyo ni kazi ya fundi. Na mafundi walikuwa wamejazana katika mji mmoja.

Rochester, katika jimbo la New York, ulikuwa mji wa vinu. Maporomoko ya mto Genesee yaliendesha mawe ya kusagia ngano, na Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, unga ukapata njia ya maji hadi New York mjini. Mfereji huohuo ulikwenda pia upande wa pili, magharibi, kuelekea maziwa makuu na nchi mpya za walowezi. Ziwa Ontario, lililo kaskazini tu ya mji, hupunguza makali ya baridi na kuchelewesha machipukizi wakati wa masika, hivyo theluji ya mwisho haiyaunguzi. Udongo mzuri, hali ya hewa ya upole na usafiri wa bei nafuu: mwenye kitalu hahitaji zaidi ya hapo.

Mwaka 1840 wahamiaji wawili, George Ellwanger kutoka Ujerumani na Patrick Barry kutoka Ireland, waliungana kufungua kitalu cha Mount Hope kwenye ekari chache nje ya mji. Wote wawili walizaliwa mwaka 1816, kwa hiyo walikuwa vijana wa miaka 24 hivi tu. Baada ya miaka thelathini hivi shamba lao lilikuwa limefikia ekari 650, na vitalu vingine kwa makumi vilikuwa vimechipuka kandokando yake. Barry aliandika vitabu vya kilimo cha matunda vilivyosomwa nchi nzima. Mji wa unga ukageuka mji wa maua na miche.

Lakini miche haina miguu. Reli zilipotanda kuelekea magharibi, na sheria ya mwaka 1862 ikaanza kutoa ekari 160 kwa kila mlowezi aliye tayari kuishi juu yake na kuilima, wateja wa Rochester walitawanyika katika majimbo ya Illinois, Iowa, Wisconsin na Minnesota, kwenye nyika ambako mti wa matunda ulikuwa bado haujapandwa. Kuwapelekea katalogi ya maandishi hakukutosha. Katalogi humfaa anayejua anachotaka. Huyu mwenye nyumba ya udongo katikati ya majani alipaswa kwanza kutamanishwa.

Aliyeitambua nafasi hiyo hakuwa mkulima. Dellon Marcus Dewey, aliyezaliwa mwaka 1819, alikuwa muuza vitabu mwenye duka katika jengo la Reynolds Arcade, katikati ya Rochester. Mwaka 1850 alichapisha kijitabu kuhusu "milio ya ajabu" ya dada wa familia ya Fox, wale wasichana wa kijiji cha Hydesville waliodai kwamba roho za wafu zinawajibu kwa kubisha mbao za sakafu. Watu walikinunua. Huenda ni uonevu kuyaunganisha mambo hayo mawili, lakini inavutia kuona kwamba mtu aliyekuja kuwauzia Wamarekani matunda yasiyokuwapo alianza kwa kuwauzia sauti zisizo na mwenyewe.

Katika miaka hiyohiyo ya 1850 Dewey alianza kutoa picha za matunda kwa ajili ya wenye vitalu, na mwaka 1859 akachapisha kitabu kizima cha rangi, kilichotangazwa waziwazi kuwa ni cha matumizi yao. Kufikia miaka ya 1870 orodha yake ilikuwa na picha za aina zaidi ya 2,000. Biashara yake ilikwenda hivi: mwenye kitalu anaandika barua, anataja aina anazootesha, Dewey anazichomoa picha hizo kwenye rafu na kuzijalidi pamoja, na jina la kitalu linaweza kupigwa chapa juu ya jalada. Kwa hiyo vitabu viwili kutoka duka moja viliweza kutofautiana kabisa. Kitabu cha wakala aliyetumwa Minnesota kingekuwa na matufaha ya nchi za baridi, na cha yule wa Virginia kingejaa mapichi.

Namna picha zilivyotengenezwa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo siri ya bei ilipojificha. Mchoraji wa kawaida, akikaa mbele ya tufaha na rangi za maji, angemaliza picha moja kwa siku, pengine mbili. Dewey alihitaji maelfu. Wachoraji wake, Wajerumani na Waingereza wakiwamo, walitumia mbinu ambayo wasichana wa shule za Marekani walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi ili kupambia vitambaa vya mahameli: stensili. Karatasi ngumu iliyopakwa mafuta hukatwa tundu lenye umbo la tunda. Nyingine hukatwa majani ya upande mmoja, nyingine majani ya upande wa pili, ili sehemu mbili zinazogusana zisipakwe kwa stensili moja. Brashi ni fupi, ya nywele ngumu, na rangi ni kavukavu, ya kugongagonga badala ya kuburuza. Mpakaji huanzia ukingoni, ambako rangi hukolea, akielekea katikati, ambako huipunguza mpaka karatasi nyeupe ibaki peke yake. Ule weupe ulioachwa ndio unaolipa tunda uviringo wake. Jicho huuona kuwa ni mwanga wa dirisha unaong'aa kwenye ganda. Mwishoni fundi mwenye mkono mwepesi huongeza kwa brashi nyembamba vile visivyokatika kwenye stensili: mishipa ya majani, kikonyo, vidoadoa vya ganda.

Ukizilinganisha leo picha mbili za aina moja zilizotoka katika karakana kama hiyo, umbo ni lilelile kabisa lakini mashavu hayafanani: moja limeiva zaidi, jingine limepauka, kutegemea mkono uliogonga brashi siku ile. Baadaye zilikuja picha za litografia, ambapo mistari huchapwa kwa wino kutoka kwenye jiwe laini la chokaa na rangi zikapakwa kwa mkono. Kisha litografia ya rangi, ambapo kila rangi ina jiwe lake na karatasi hupita chini ya mtambo mara kadhaa. Bei ilishuka kwa kila hatua. Wekundu nao ulizidi kukolea.

Si wote waliochora matunda hayo walikuwa wachuuzi wa tabia ya Dewey. Joseph Prestele, mzaliwa wa Bavaria mwaka 1796, alikuwa bingwa wa litografia ya mimea ambaye kazi yake iliaminiwa hata na Asa Gray, mtaalamu mkuu wa mimea wa Chuo cha Harvard. Prestele alikuwa mfuasi wa jumuiya ya Kikristo iliyokimbia Ujerumani katika miaka ya 1840, ikaishi Ebenezer karibu na Buffalo, kisha ikahamia Iowa na kuanzisha vijiji vya Amana. Watu wa jumuiya hiyo hawakumiliki mali binafsi. Walichochuma kilikwenda katika mfuko wa wote. Kwa hiyo baadhi ya picha bora kabisa za matunda, zilizowasaidia mawakala kujaza mifuko yao, zilitoka mikononi mwa watu walioapa kutokuwa na mfuko.

Wanawe walirithi kazi. Mmoja wao, William Henry Prestele, alichora kwa ajili ya kitalu cha F. K. Phoenix huko Bloomington, Illinois, na mwaka 1887 akaajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kuwa mchoraji wa kwanza wa idara yake mpya ya matunda. Tutakutana na idara hiyo tena.

Mwaka wa wakala ulifuata kalenda ya miti. Kiangazi na majira ya baridi alizunguka, kwa treni hadi mji mdogo, kisha kwa gari la farasi la kukodi au kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Alifungua kitabu mezani, na hapo mke na watoto walisogea. Jambo hilo halikuwa dogo: katika nyumba ambamo picha ya rangi ilikuwa adimu, pengine hakuna hata moja ukutani, mtu aliyekaa na kufunua karatasi baada ya karatasi za rangi kali alileta burudani ya jioni nzima. Mkulima alitia sahihi fomu ya oda. Hakutoa senti siku ile. Oda zilirudi kitaluni, miche ikang'olewa vuli au masika wakati imelala, mizizi ikafungwa kwa kuvumwani na majani makavu, makasha yakapakiwa kwenye reli. Siku iliyotangazwa, wateja wote wa kata moja walikuja na mikokoteni stesheni, wakakabidhiwa mafungu yao na kulipa. Aliyeona vijiti vyake ni vyembamba, au vimekauka njiani, alikumbushwa sahihi yake.

Wengi wa mawakala hao walikuwa watu wa kawaida: wakulima wenyewe baada ya mavuno, walimu wa shule, wazee waliostaafu. Dewey hakuwaacha bila mwongozo. Mwaka 1875 alichapisha kijitabu cha siri cha kuwafundisha kazi mawakala wa miche. Kwamba kazi hiyo ilihitaji mwongozo wa siri, hilo lenyewe linatosha kumwambia msomaji jambo.

Sifa ya wachuuzi wa miche ilichafuka haraka. Majarida ya kilimo na ripoti za vyama vya wakulima wa bustani kwa miaka mingi yalijaa malalamiko. Wako waliotembea na matunda yaliyohifadhiwa katika chupa za kioo kinene, na kioo kile, kwa umbo lake, kilikuza tunda mpaka plamu ikaonekana kubwa kupita kiasi. Wako walioahidi waridi la buluu, rangi ambayo waridi halina kwa maumbile. Wako waliochukua oda za kitalu chenye jina kisha wakanunua masalia ya bei ya chini mahali pengine, wakayafunga vibandiko vipya. Kibandiko ndicho kilichokuwa cheti pekee cha mti, kipande cha ubao kilichofungwa kwa waya, na mtu yeyote mwenye kalamu aliweza kukiandika. Hata picha haikuwa na ulinzi. Tufaha jekundu la duara lililochorwa kwa stensili lingeweza kubeba jina lolote litakalochapwa chini yake.

Minnesota iliumia kuliko wengine. Aina zilizostawi New York zilikufa kwa baridi ya huko, mara nyingine shamba zima kwa usiku mmoja, na wachuuzi waliendelea kuzileta kwa sababu zilipendeza kitabuni. Suluhisho halikutoka kwa mchuuzi yeyote. Peter Gideon, mkulima maskini wa Excelsior, kando ya ziwa Minnetonka, alikuwa amepoteza karibu miti yake yote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1861, akiwa amebakiwa na dola 8, aliziagizia mbegu za matufaha kutoka Bangor, Maine, na majira yale akavaa suti aliyojishonea kwa vizibao vikuukuu na miguu ya suruali zilizochakaa. Katika miche iliyotokea, mmoja ulivumilia. Ulipozaa mwaka 1868 akaupa jina la mkewe, Wealthy, na ukawa tufaha la kwanza la maana la nyika za kaskazini. Kichekesho ni kwamba mara tu lilipopata jina, Wealthy nalo liliingia kwenye vitabu vya picha, likauzwa na watu walewale.

Na Gideon alipata nini kwa kila mche uliouzwa? Hakuna. Mti wakati huo haukuwa na mwenyewe kisheria. Ephraim Bull wa Concord, Massachusetts, alilijua hilo vizuri zaidi. Alipanda maelfu ya mbegu za zabibu mpaka akapata mzabibu mmoja wenye matunda meusi matamu yanayoiva mapema, na mwaka 1854 ukaanza kuuzwa kwa dola 5 shina moja, bei kubwa kwa wakati ule. Msimu wa kwanza alipata fedha nzuri. Lakini kila mwenye kitalu aliyenunua shina moja alipata vipandikizi mia, na baada ya hapo hakumhitaji Bull tena. Zabibu za Concord zikawa ukurasa usiokosekana katika kitabu cha kila mchuuzi, na baadaye msingi wa biashara ya maji ya zabibu ya Marekani. Bull alikufa maskini mwaka 1895, na jiwe la kaburi lake linasema kwamba alipanda yeye, wakavuna wengine.

Kampuni moja ilijifunza kutokana na hali hiyo. Stark Brothers, ya mji wa Louisiana katika jimbo la Missouri, ilikuwa kitalu cha familia tangu mwaka 1816 na ilikuwa na jeshi lake la mawakala. Mwaka 1893 iliandaa mashindano ya matunda. Jesse Hiatt, mkulima wa Peru, Iowa, alituma matufaha yake yenye michirizi myekundu, kutoka mti uliojiotea shambani mwake na ambao, inasemekana, aliukata mara mbili kabla ya kuuachia ukue. Clarence Stark aliyaonja akayasifu. Lakini jina la aliyeyatuma lilikuwa limepotea katika makaratasi, ikabidi kungoja hadi mwaka uliofuata Hiatt alipotuma tena. Stark wakanunua haki ya mti huo na kuuita Delicious. Mwaka 1914 walilipa dola 5,000 kwa mti mmoja wa matufaha ya manjano katika kaunti ya Clay, West Virginia, pamoja na kiwanja kidogo ulipokuwa umesimama, kisha wakauzungushia kizimba chenye kengele ya kugutusha wezi. Kwa kuwa sheria haikumlinda mwenye mti, walijilinda kwa waya.

Sheria ilikuja mwaka 1930, Paul Stark wa familia hiyohiyo akiwa mstari wa mbele kuishinikiza Kongresi. Mmea unaozalishwa kwa vipandikizi sasa uliweza kupewa hataza. Namba 1 ilikwenda mwaka 1931 kwa waridi liitwalo New Dawn. Namba 139, ya mwaka 1935, inawagusa wakulima wa Njombe, Kilimanjaro na Murang'a, hata kama wengi wao hawajawahi kuisikia: ni ya parachichi la Rudolph Hass, mfanyakazi wa posta wa California aliyeotesha mbegu katika shamba lake dogo la La Habra Heights. Hataza hiyo ilimpatia dola chini ya 5,000 katika maisha yake yote. Wakulima walinunua mche mmoja halali, wakabebesha mingine iliyobaki wenyewe. Na mnunuzi wa miche ya Hass kando ya barabara leo yuko palepale alipokuwa mlowezi wa Iowa: anatazama kijiti chenye majani machache, anaambiwa jina, na atajua ukweli baada ya miaka mitatu au minne.

Biashara ya kitabu cha ngozi ilipungua nguvu kwa sababu kadhaa zilizokuja kwa mfuatano. Katika miaka ya 1890 mdudu gamba aliyejulikana kwa jina la San Jose alisambaa mashariki mwa Marekani akisafiri juu ya miche ya vitalu. Ujerumani ikafunga mlango kwa mimea ya Kimarekani mwaka 1898, majimbo yakaanza kukagua vitalu, na mwaka 1912 ikapitishwa sheria ya karantini ya nchi nzima. Posta nayo ilianza kufika hadi mashambani kuanzia 1896, na kuanzia 1913 ikapokea vifurushi. Katalogi ya rangi, iliyochapwa kwa picha za kamera, ilimfikia mkulima bila mtu wa kumkalia mezani. Dewey mwenyewe aliiuza kazi yake mwaka 1888, akafariki mwaka uliofuata.

Kitu kimoja kutoka kurasa zile kilibaki sokoni muda mrefu, nacho ni sura ya tunda. Tufaha la Hiatt lilikuwa la michirizi. Wakulima waligundua kwamba mara kwa mara tawi moja la mti wa Delicious huzaa matunda mekundu zaidi, na matawi hayo ndiyo yaliyobebeshwa, kisha mekundu zaidi ya hayo, kizazi baada ya kizazi, mpaka tunda likawa jekundu kote, refu, linalong'aa, kama vile limetoka katika kalibu ya stensili ya Rochester. Katika miaka ya 1980 aina hiyo ilikuwa kiasi cha robo tatu ya mavuno ya jimbo la Washington. Ganda lilinenepa, nyama ikawa ya unga, na walaji wakaanza kulikimbia. Mwaka 2018 aina ya Gala ililipita kwa wingi wa mavuno nchini Marekani. Yeyote aliyewahi kununua tufaha jekundu mno kwenye foleni ya magari, akang'ata na kukuta pamba, anaelewa kilichotokea.

Vitabu vyenyewe sasa viko kwenye maktaba za vyuo na kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, ambao wengi huvichana ili kuuza karatasi mojamoja, kila moja katika fremu yake, kwa watu wanaotaka kupamba jikoni. Zile zilizopakwa kwa stensili ndizo ghali. Wanaozipenda huzithamini kama sanaa, na wana haki. Baadhi ya pea za miaka ya 1860 zina ufundi wa kumfanya mtu anyooshe mkono.

Wapo pia wanaozitazama kwa shida nyingine. Katika mashamba yaliyotelekezwa ya magharibi mwa Marekani bado imesimama miti iliyonunuliwa kwa wachuuzi zaidi ya miaka mia iliyopita, nayo inazaa, ila hakuna anayejua ni aina gani. Vikundi vya kujitolea huko Washington, Idaho na Oregon huyaokota matufaha hayo na kujaribu kuyapa majina; mwaka 2020 vilitangaza kwamba aina kumi zilizodhaniwa kutoweka zimepatikana. Mtu angedhani picha za wachuuzi ndizo zingewafaa zaidi. Kwa kweli wanaegemea kwanza mkusanyo mwingine, ule ulioanzishwa na idara aliyoajiriwa William Henry Prestele: rangi za maji zaidi ya 7,500, karibu nusu yake matufaha, ambazo Wizara ya Kilimo sasa imeziweka wazi mtandaoni. Deborah Griscom Passmore peke yake alichora zaidi ya 1,500. Wachoraji hao hawakuwa na cha kumuuzia mtu. Walipasua tunda, wakachora chumba cha mbegu, kina cha shimo la kikonyo, upana wa kitako. Na tunda likiwa limeoza upande au limetobolewa na mdudu, walichora na tundu lake.